Mwongozo kamili: kumfundisha mtoto wa shule ya msingi hadithi fupi inavyojengwa

Kwenye madarasa mengi kipindi cha hadithi kinakwenda hivi. Mtoto mmoja anasimama anasoma kwa sauti, wenzie wanafuatisha kwa kidole, akimaliza mwalimu anauliza maana ya maneno mapya, alafu linakuja lile swali "hadithi hii inatufundisha nini?", darasa zima linajibu tuwe na adabu, tusiwe wachoyo, tuwasikilize wazazi, kengele inalia basi. Hapo mtoto kapata somo la tabia, ambalo si baya, ila hadithi yenyewe inajengwaje hajaambiwa kitu, na ndo maana wiki ijayo ukimwambia aandike ya kwake anakuletea mistari minne na wa mwisho unaanza na "hadithi hii inatufundisha".

Mimi nasema lile swali la mafunzo liwekwe pembeni kwa muda. Lisifutwe, liwekwe pembeni tu. Kwanza mtoto aione hadithi kwa ndani, aifungue kama fundi anavyofungua baiskeli: kuna mtu, anataka kitu, kuna kinachomzuia, anaamua kufanya jambo, na lile jambo linazaa jingine. Akishaliona hilo ataandika, na mafunzo atayaona mwenyewe bila kusukumwa.

Nimeandika nikifikiria darasa la tatu mpaka la sita, vipindi vya dakika 40, watoto wengi na vitabu vichache, yaani hali yetu ya kawaida. Unahitaji ubao, chaki, madaftari na manila moja au mbili. Tumia kama wiki tatu, usikimbie.

Hatua ya 1: chagua kisa kimoja ukae nacho

Usilete hadithi mpya kila kipindi. Mtoto hawezi kuona kitu kinavyojengwa kama kila siku unambadilishia kitu. Chukua kisa kimoja ambacho unaweza kukisimulia kwa dakika tatu au chini ya hapo, wahusika wasizidi watatu, shida iwe moja. Vya kwetu vya mdomo vinafaa zaidi kuliko vya vitabuni kwasababu vimeshasimuliwa na watu wengi mno mpaka kila kisichohitajika kimedondoka njiani.

Mimi napenda kuanza na cha fisi, na kwa wasiokikumbuka kinakwenda hivi:

Fisi alikuwa na njaa tangu jana. Jioni akasikia harufu ya nyama inachomwa, akaifuata mbio mpaka njia panda. Akanusa kulia, nyama. Akanusa kushoto, nyama. Vijiji viwili, sherehe mbili. Akienda kulia ataikosa ya kushoto, akienda kushoto ya kulia itaisha. Akawaza, akawaza. Mwisho akaweka miguu ya kulia kwenye njia ya kulia, ya kushoto kwenye njia ya kushoto, akaanza kutembea. Njia zikazidi kuachana. Fisi akapasuka msamba.

Ndo ile methali ya njia mbili zilimshinda fisi, lakini methali usiitaje bado, ukiitaja watoto wanaruka moja kwa moja kwenye jibu la "tusiwe na tamaa" na kazi inaishia hapo.

Hatua ya 2: simulia kwa mdomo, na ukatishe

Funga kitabu. Anza kama inavyoanzwa, "Hadithi hadithi!" nao waitikie "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!", au kama uko upande wa Kenya "Paukwa!" "Pakawa!". Usione ni mchezo tu, kile kiitikio kinamwambia mtoto sasa tunaingia mahali ambapo fisi anaweza kuwaza na hamna atakayemuuliza kwa nini.

Simulia mpaka fisi amesimama njia panda amenusa pande zote mbili, alafu nyamaza. Watalalamika, waache walalamike. Kila mmoja amnong'oneze jirani yake wa dawati anadhani fisi atafanya nini, alafu chukua majibu matano sita kwa sauti. Utasikia "ataenda kwenye harufu kali zaidi", "atamtuma mdogo wake", "atalala kwanza". Kila jibu uliza kwa nini, usiseme sahihi wala kosa. Kile kitendo cha akili ya mtoto kukimbilia mbele ya msimulizi ndicho kinachomfanya mtu asome hadithi mpaka mwisho, sasa yeye kakifanya mwenyewe na unaweza kumwambia: umeona, ulikuwa unataka kujua, hadithi nzuri inakufanya utake kujua.

Alafu malizia kisa. Siku hiyo usiwaandikishe chochote.

Hatua ya 3: maswali matano kwenye manila

Kesho yake andika haya makubwa kwenye manila ubandike ukutani, yatakaa hapo mpaka mwisho wa muhula:

Nani?
Anataka nini?
Nini kinamzuia?
Anaamua kufanya nini?
Ikawaje?

Watoto wayajibu kwa kisa cha fisi. Mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu ndo lina utamu, kwasababu wengi watasema kinachomzuia ni njaa, na hapo usiwakatishe, waulize njaa inamzuia au inamsukuma? Watabishana. Mmoja atasema ni zile njia mbili, mwingine atasema njia hazijamfunga mtu, angechagua moja tu, kinachomzuia ni yeye mwenyewe. Ukifika hapo darasa la nne limeshagusa kitu ambacho watu wanakisoma chuo kikuu, kwamba kuna kizuizi cha nje na kuna kizuizi cha ndani ya mtu, na hukuhitaji kuandika istilahi yoyote.

Istilahi zitakuja baadaye. Mhusika, mandhari (mahali na wakati wa hadithi), mgogoro (ule mvutano wa anachotaka na kinachomzuia), zitaje wakati kitu chenyewe wameshakishika mkononi, "huyu tuliyekuwa tunamwita Nani jina lake ni mhusika". Ukianza na istilahi watazikariri kama majina ya mito.

Hatua ya 4: vunjeni hadithi

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Gawa darasa kwa makundi, kila kundi liondoe au libadilishe kitu kimoja tu kwenye kisa alafu likisimulie upya. Kundi la kwanza, fisi ameshiba. La pili, njia ni moja. La tatu, sherehe ya kushoto imeshaisha ila fisi hajui. La nne, fisi anachagua kulia bila kusita. La tano, badala ya fisi ni sungura.

Wape dakika kumi, alafu mmoja kutoka kila kundi asimulie mbele. Kundi la kwanza litamaliza haraka sana: fisi ameshiba, akasikia harufu, akaenda kulala. Darasa litacheka, na wewe uliza, mbona imekuwa fupi hivyo? Watakwambia wenyewe, hataki kitu. Andika ubaoni kwa maneno yao yaleyale: asiyetaka kitu hana hadithi. Kundi la pili hali kadhalika, fisi akaenda akala, mwisho. Bila kizuizi hamna hadithi. Hayo mawili wakiyagundua kwa kuvunja hawatayasahau, ukiwaambia wewe wataandika kwenye daftari yaishie humo.

Kundi la tatu na la nne watakuja na kitu kingine kabisa. Fisi kachagua kushoto, kakuta mifupa na majivu, karudi mbio kulia, nako wanafagia uwanja. Hiyo ni hadithi mpya, ina uhai, wasifie sana na uwaulize darasa kwa nini hii haikufa wakati zile zimekufa. La sungura litaleta ujanja, kwasababu kila mtoto anajua sungura hafi njia panda, atatafuta namna, na hapo wanaona kwamba ukibadilisha tabia ya mhusika uamuzi unabadilika na mwisho nao unabadilika, yaani mwisho unatoka kwa mtu, hauletwi tu.

Kuna walimu wanaogopa kelele za hatua hii. Kelele zitakuwepo, mwambie mwalimu wa darasa la jirani mapema, au wapeleke chini ya mwembe.

Hatua ya 5: mwisho uliokuwepo tangu mwanzo

Watoto wana miisho mitatu wanayoipenda: kumbe ilikuwa ndoto, wakaishi raha mustarehe, na gari likamgonga akafa. Usiwakataze kwa amri. Wape kisa cha Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kubwa kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani, akasema sufuria yako imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, safari hii kimya. Jirani alipofuata sufuria yake akaambiwa pole, sufuria yako imekufa. Jirani akaja juu, sufuria inakufaje? Akajibiwa, ulikubali kwamba imezaa, mbona hukubali kwamba imekufa?

(Waturuki nao wanacho hiki kisa, kwao anayeazima ni Nasreddin Hodja. Waambie watoto, wanafurahi sana kusikia kwamba kisa kimesafiri.)

Sasa kazi: kila mtoto atafute ni wapi mwisho ulianza. Wengi watasema pale aliposema imekufa. Rudi nyuma nao. Kama jirani angekataa kile kisufuria cha kwanza? Basi hamna mwisho. Kwahiyo mwisho ulianza pale jirani alipopokea, na sisi wote tuliokuwa tunasikiliza tulipita tukaona ni kitu kidogo cha kuchekesha. Waambie hivi: kitu kitakachomaliza hadithi yako lazima msomaji awe ameshakiona mapema bila kujua. Gari linalotokea mstari wa mwisho hatukuliona. Ndoto hatukuiona. Basi yasimalize.

Hatua ya 6: sasa waandike, shida iwe ndogo

Ukisema "andika hadithi yoyote" utapata majambazi, wafalme, na ndege zinazoanguka. Wape shida za ukubwa wao. Umetumwa dukani hela imepotea. Umeazimwa kalamu umeikalia imevunjika. Umeahidi kumwamsha kaka siku ya mtihani wake ukapitiwa na usingizi. Mtoto anazijua hizi mpaka kwenye tumbo, kwahiyo hatahangaika kubuni, atahangaika kupanga, na kupanga ndo tunachofundisha.

Kabla ya kuandika ajibu yale maswali matano ya manila, jibu moja mstari mmoja. Hiyo mistari mitano ndo mpango wake, uipitie kwa macho ukizunguka kwenye madawati, asiyekuwa na kizuizi mrudishe hapohapo kabla hajajaza ukurasa bure.

Hatua ya 7: -li- inafungua, -ka- inabeba

Hapa ndipo hadithi nyingi za watoto zinapokufa kwa lugha. Angalia hii, ni aina ya kazi utakayoipata:

"Juma alienda dukani alafu alipoteza hela alafu alilia alafu alirudi nyumbani alafu mama alimpiga."

Kila kitenzi kina -li-, kwahiyo kila tukio linasimama peke yake, na mtoto anayaunganisha kwa alafu kwasababu hana kamba nyingine. Kamba anayo, anaitumia kila siku akisimulia mpira: "akapiga, kipa akadaka, akautema". Mwambie aandike kama anavyosimulia mpira. Kitenzi cha kwanza kipe -li-, kinaweka jambo kwenye wakati uliopita, vinavyofuata vipe -ka- maana vinakwenda kimoja baada ya kingine:

"Mama alimtuma Juma dukani. Juma akakimbia, akafika kwa Mangi mwenye duka, akaingiza mkono mfukoni."

Kwa darasa la tano na la sita ongeza mawili. Kilichokuwa kinaendelea wakati jambo linatokea kinataka alikuwa a-ki: "Mangi alikuwa akipima sukari." Na kukanusha ndani ya mfululizo wa -ka-, badala ya "hakuona" tunasema "asione": akatafuta asione kitu, akaita asijibiwe. Hii ya mwisho watoto wameisikia kwa bibi zao, wakiikuta kwenye daftari lao wenyewe hadithi inapata sauti ya hadithi kweli.

Mazoezi: ile sentensi ya Juma na zile alafu zake iandike ubaoni, darasa liondoe alafu zote. Wakimaliza wasome kwa pamoja, sikio litawaambia.

Hatua ya 8: simama kwenye dakika moja

Mtoto anapita kila mahali kwa mwendo mmoja. Kuamka mstari mmoja, kupiga mswaki mstari mmoja, kupoteza hela mstari mmoja. Mfundishe kwamba pasipo na kitu apite mbio, penye shida asimame. Muulize darasani, Juma alijuaje hela imepotea? Aliona nini, aligusa nini? Usikubali "alihuzunika sana". Endelea kuuliza, vidole vyake vilifanya nini? Na polepole mnaandika pamoja ubaoni:

"Akaingiza mkono mfukoni. Vidole vikapita vikatokea upande wa pili. Akaingiza tena, polepole, vikatokea tena. Mangi alikuwa akipima sukari, akauliza bila kumtazama, 'Nikupe ya ngapi?'"

Neno la huzuni hamna, lakini kila mtoto darasani kashika mfuko wake. Sasa waulize, lile tundu tumeliona mapema? Hatujaliona. Basi turudi juu, tulitie: "Kaptula yake ilikuwa na tundu mfukoni, mama alisema ataishona Jumamosi." Ni kile cha Abunuwasi kilekile, na sasa kuna jambo jingine limezaliwa hapo, kwamba mama naye ana sehemu yake, kwahiyo mwisho wa kupigwa hautoshi tena. Watoto watauona bila wewe kusema na watabishana mama amwambie nini Juma akirudi.

Hapa niseme kidogo kuhusu zile tamathali za kukaririshwa, "nilirauka alfajiri na mapema kama ilivyo ada yangu, jua lilikuwa likitoa miale yake", ambazo watoto wanajazwa kwa ajili ya insha, Kenya hasa lakini na huku kwetu zimeingia. Msamiati ni mzuri, siupingi. Ila madaftari ya darasa zima yakianza na jua lilelile, hamna mtoto hata mmoja aliyeangalia nje. Waambie ruksa kutumia, kwa sharti moja, jua liwe na kazi kwenye hadithi.

Hatua ya 9: maneno ya wahusika

Hii ni fupi. Waoneshe alama za mtajo, kila anayesema aanze mstari mpya, na mtu aseme kama anavyosema mtu wa aina yake. Mangi hasemi kama mama. Wawili waigize mbele, wengine waandike walichosikia. Inatosha kipindi kimoja.

Hatua ya 10: kusoma, kusahihisha, kushona

Rasimu ya kwanza isiguswe na kalamu nyekundu. Mtoto amsomee mwenzake kwa sauti, mwenzake ajibu mawili tu: wapi ulitaka kujua zaidi, na wapi ulipotea. Ukiwa na watoto 80 huwezi kusahihisha kila kitu, na hata ukiweza ukurasa uliojaa wekundu mtoto haurudii. Chagua jambo moja kwa wiki, wiki hii -ka-, wiki ijayo mwisho, na usahihishe hilo tu, safu moja ya madawati kwa siku. Tahajia na herufi kubwa zisubiri nakala ya mwisho.

Nakala ya mwisho iandikwe kwenye karatasi safi, zikusanywe, zitobolewe kwa msumari na zishonwe kwa uzi, gamba liwe la manila. Kila hadithi iingie, hata ya yule aliyeandika nusu ukurasa. Kitabu kikae darasani na kiazimwe kwenda nyumbani kwa zamu. Mtoto akijua bibi yake atakisoma au atasomewa, anaandika kwa uangalifu wa aina nyingine. Na hapo sasa, kitabu kikishasomwa, ndo lile swali la mafunzo linarudi, muulize mwandishi mwenyewe mbele ya wenzie: wewe ulitaka tuondoke na nini? Majibu yanakuwa tofauti sana na "tuwe na adabu".

Kwa wadogo na wakubwa

Darasa la kwanza na la pili hawawezi kuandika hadithi nzima bado, wakunjie karatasi mara mbili wapate visanduku vinne: nani na anataka nini, kinamzuia nini, akafanya nini, ikawaje. Wachore alafu wasimulie wakionesha kwa kidole. Wewe waandikie sentensi moja chini ya kila mchoro kwa maneno yao, usiyanyooshe.

Darasa la sita na la saba wape msimulizi mwingine. Kisa cha sufuria kisimuliwe na jirani, kwa "mimi". Wengi watamwandika mjinga, wazuie kwa swali moja tu: alipoona kile kisufuria kidogo, alijiambia nini mpaka akakipokea? Wape kipindi kizima kwa hilo na usiwape mfano.